Namna ya Kujiosha kwa Kijerumani Kabla Omena Haijafika Ufuoni

Anza jioni, wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, wanapopanga taa zao mashuani. Usianze na kitabu. Kitabu kitakuletea kijana wa Berlin anayeamka, anapiga mswaki mbele ya kioo kisafi na kukimbilia treni. Hapa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, hakuna treni, na alfajiri wapo wanaoamka na wapo wanaorudi kutoka kazini kutafuta usingizi. Simama ufuoni, tazama mashua zinavyoelekea upande wa kisiwa cha Mageta, angalia saa ya simu, kisha sema kwa sauti ya kusikika: "Um halb sieben fahren die Fischer hinaus." Saa kumi na mbili na nusu wavuvi wanatoka. Watakaogeuka kukutazama ndio darasa lako la kwanza. Wasalimie, uendelee.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa, wa ngazi ya A1, na wanaoanza siku hizi ni wengi. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi, Rais Ruto na Kansela Scholz wakishuhudia. Tangu hapo wauguzi, mafundi na vijana waliomaliza kidato cha nne wamekuwa wakiuliza der, die na das zinatoka wapi. Lakini njia hii haikufunguliwa 2024. Mtoto wa Bondo, mji wa jirani, hayati Raila Odinga aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya, alipelekwa Ujerumani Mashariki mwaka 1962, akaanzia Taasisi ya Herder ya Leipzig, ambako wageni walifundishwa lugha kabla ya kuingia chuo kikuu. Kisha akasomea uhandisi Magdeburg hadi 1970. Kwa hiyo mtu wa pwani hii akikwambia kwamba Kijerumani hakiwezekani, muulize kwa upole anazungumza kwa niaba ya nani.

Ninalo jambo moja la kukusihi, na kila agizo lililo humu linatoka ndani yake: usipitie Kiingereza. Tumezoea. Neno la Kijerumani likija, tunalipeleka kwanza kwa Kiingereza likapigwe muhuri, ndipo tulilete nyumbani kwa Kiswahili. Kwa majina ya vitu hasara si kubwa. Kwa saa na kwa vitenzi vya kujirejea hasara ni kubwa sana, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili na Kijerumani vinapoelewana bila mkalimani.

Tuanze na saa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na inatufaa kwa sababu Usenge iko kilomita chache tu kutoka ikweta, mstari uleule unaopita Maseno kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Mchana wetu na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Berlin, katikati ya Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi Juni limekwisha kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na halizami mpaka saa tatu usiku imepita. Jua la namna hiyo haliwezi kukabidhiwa kazi ya kuanzisha hesabu, kwa hiyo wao huhesabu tangu usiku wa manane. Usiwaonee. Wafanyie hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Saa ikiwa kamili, chukua saa ya Kiswahili, ongeza sita. Saa mbili asubuhi ni acht Uhr, saa nne ni zehn Uhr. Jumla ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili: saa kumi jioni inakuwa kumi na sita, inabaki nne, vier Uhr. Ukiwa na saa ya ukutani yenye mishale huhitaji hata kujumlisha. Namba ya Kijerumani iko ng'ambo ya namba ya Kiswahili, uso kwa uso.

Sasa nusu, mahali ambapo watu hupoteza mabasi na kazi. Mjerumani akisema "halb acht" hajafika nane. Yuko njiani kwenda nane na ametembea nusu ya safari: ni 7:30, yaani saa moja na nusu. Aliyepitia Kiingereza anasikia "nane" na "nusu", anaandika 8:30, na anafika wenzake wakiwa wameshamaliza kikao. Wewe usipite huko. Kwa nusu, ongeza saba badala ya sita. Saa moja na nusu, ongeza saba, nane: halb acht. Saa nne na nusu, ongeza saba, kumi na moja: halb elf. Saa kumi na mbili na nusu, ongeza saba, kumi na tisa, toa kumi na mbili, saba: halb sieben, na hapo mashua zinatoka. Fanya hivyo kila unapotazama simu, mpaka jibu lije kabla hujalitafuta.

Robo ina adabu zaidi. "Viertel nach sechs" ni saa kumi na mbili na robo; "Viertel vor sieben" ni saa moja kasoro robo. Kasoro yetu na vor yao zinafanya kazi moja, zinahesabu kurudi nyuma kutoka saa ijayo. Ukienda mashariki, Leipzig ikiwemo, utakuta wengi wanasema "viertel sieben" wakimaanisha 6:15 na "drei viertel sieben" wakimaanisha 6:45. Kwao saa inajazwa robo kwa robo, kama gorogoro, kopo la kupimia omena: robo ya saba, nusu ya saba, robo tatu za saba, saba kamili. Ukiishika picha hiyo, halb haitakusumbua tena hata ukiamshwa usiku.

Wapo pia wanaopenda "fünf vor halb sieben", dakika tano kabla ya nusu ya kuelekea saba. Ni 6:25. Usiogope, na usijaribu kuisema wiki ya kwanza. Itambue tu ikipita. Kwenye vituo vya treni na redioni wanasema "achtzehn Uhr fünfundzwanzig", saa na dakika kwa mpangilio wa saa ishirini na nne, na huo ndio wa kuusema wewe kwanza, mradi ukumbuke kwamba fünfundzwanzig inataja tano kabla ya ishirini. Mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya kukuza lugha yake, unapenda matangazo kama hayo katika sehemu ya kusikiliza. Anayeandika namba kwa mpangilio anaousikia ataandika 52, na hakuna dakika ya 52 katika tangazo hilo.

Siku hazina ugumu, ila zina vihusishi vyao. Saa huchukua um, siku huchukua am, mwezi huchukua im: um sechs Uhr, am Montag, im Juli. Usiku umekataa kufuata wenzake, ni in der Nacht, huku asubuhi na jioni zikitii am. Mwaka haubebi kihusishi: unasema 2024 peke yake, au im Jahr 2024, sawa na sisi tunavyosema mwaka 2024 bila kuuwekea kitu mbele. Anayesema "in 2024" ameshapita kwa Kiingereza na alama za matope ziko sakafuni.

Tofautisha am Montag na montags. Ya kwanza ni Jumatatu moja, ya pili ni kila Jumatatu. Nachts ni kila usiku, na kwa omena neno hili lina masharti yake: mwezi mpevu ukiwaka, samaki hawaifuati taa, mashua zinabaki ufuoni. Wakati wa msimu wa kufungwa, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, sheria ya Kenya inaiacha omena izaliane. Wajerumani wana jina la kipindi cha namna hiyo, Schonzeit. Sema: "Von April bis Juli ist Schonzeit." Umejifunza von, bis, miezi miwili na sheria ya uvuvi, na sentensi ina maneno sita tu.

Kesho ni morgen, na asubuhi ni Morgen yenye herufi kubwa. Kesho asubuhi wao husema morgen früh, leo asubuhi ni heute Morgen. Keshokutwa ni übermorgen, juzi ni vorgestern. Baada ya hapo maneno yao ya kila siku yanaishia, na wewe bado unayo mtondo na mtondogoo mfukoni. Usiwasimange. Tumia in drei Tagen, baada ya siku tatu, na kwa zilizopita vor drei Tagen.

Kuna seit, na hapa nataka usimame kidogo. "Ich wohne seit drei Jahren in Usenge." Naishi Usenge kwa miaka mitatu sasa. Kitenzi kiko wakati uliopo katika lugha zote mbili, kwa sababu bado unaishi hapo. Kiingereza kingekutaka useme kwamba umekuwa ukiishi, na mwanafunzi aliyepita huko hutunga kwa Kijerumani sentensi ndefu ya wakati timilifu ambayo mwalimu ataikata kwa wino mwekundu. Sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kinywani mwake ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tufike kwenye kujiosha.

Aliyesoma Kiswahili sekondari Kenya amewahi kuulizwa aeleze matumizi ya "ji". Ulidhani ni adhabu. Ilikuwa maandalizi ya Kijerumani. Tazama: ninamwosha, ninajiosha. Ile -mw- ni mtu mwingine, ile -ji- ni mimi mwenyewe, na zote zinakaa kiti kimoja ndani ya kitenzi. Moja ikikaa, nyingine inaondoka. Kijerumani kimefanya vivyo hivyo, ila kiti kimewekwa nje ya kitenzi: ich wasche ihn, ich wasche mich. Tofauti ni kwamba -ji- yetu haibadiliki, iwe ni mimi, wewe, yeye au wao, na yao inabadilika kwa nafsi: mich, dich, sich, uns, euch, na sich tena. Maneno matano tofauti. Usiyaimbe kama jedwali la kuzidisha. Yafunge kwa watu: ich wasche mich, nikiwa nyumbani, du wäschst dich, nikimwambia mdogo wangu, die Fischer waschen sich, nikiwatazama wanaorudi.

Kwa muuguzi jambo hili si la mtihani tu. Katika taarifa ya zamu, "Der Patient wäscht sich" inamaanisha mgonjwa ana nguvu ya kujiosha. "Ich wasche den Patienten" inamaanisha hana. Neno moja dogo linamweleza daktari wa asubuhi kama mtu anapona au anadhoofika. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba sich watairuka kwanza, watairudia baadaye. Wasiiruke.

Sasa mich na mir. Vitabu vinaziita kwa majina ya Kilatini na wanafunzi wanafunga vitabu. Wewe tumia kauli ya kutendea. Ninajiosha haina -ia, kwa hiyo mich. Ninajinunulia samaki ina -ji- na ina -lia, kwa hiyo mir: "Ich kaufe mir einen Fisch." Ninajipikia: "Ich koche mir etwas." Pale Kiswahili kinapoomba kutendea, Kijerumani kinaomba mir au dir. Kanuni hii haitakufikisha kila mahali, lakini itakufikisha mbali kuliko jedwali.

Viungo vya mwili vinafuata desturi yao, na desturi hiyo unaijua pia. Hatusemi kwa kawaida "nimevunja mkono wangu" mtu akianguka kwenye boda boda. Tunasema nimevunjika mkono, na kila mtu anajua mkono ni wa nani. Mjerumani naye hasemi wangu: "Ich habe mir den Arm gebrochen." Ninanawa mikono: "Ich wasche mir die Hände." Mwenye mikono ametajwa na mir, mikono imebaki mikono.

Kisha kuna jambo ambalo waanzaji hawaambiwi mapema, na linawaumiza. Sich haifanyi kazi ya -ji- peke yake. Inafanya pia ya kutendana. Tutaonana kesho: "Wir sehen uns morgen." Wanajuana: "Sie kennen sich." Na inafanya ya kutendeka. Mlango unafunguka: "Die Tür öffnet sich." Hali ya hewa inabadilika: "Das Wetter ändert sich." Nenda ufuoni saa moja asubuhi, karibu na nyavu zinazoanikiwa omena, ukamsikilize mnunuzi.

"Mama, bei ni ile ya jana?"

"Imebadilika, mwanangu."

"Der Preis hat sich geändert," sema moyoni, kwa sababu kwa sauti utaonekana unamtania mtu ambaye ameamka tangu usiku na ana madebe ya kujaza. Kiswahili kina viambishi vitatu kwa kazi tatu, ni fundi mwenye vyombo kamili. Kijerumani kinatumia sich kwa zote na kumwachia msikilizaji aamue. Kwa hiyo ukikutana na sich, jiulize kwanza kama nyumbani ungeweka -ji-, -ana au -ika. Kujiuliza kwenyewe ni "sich fragen", Ich frage mich, moja kwa moja bila kupunguza wala kuongeza.

Vipo vinavyofanana hivyo kwa ukamilifu: kujificha ni sich verstecken, kujiandaa ni sich vorbereiten, kujisikia ni sich fühlen, kujiandikisha ni sich anmelden. Hicho cha mwisho kariri leo, maana ukihamia Ujerumani sheria inakupa wiki mbili kujiandikisha kwenye ofisi ya mtaa baada ya kuingia nyumbani kwako. Kujitambulisha ni sich vorstellen. Hapo angalia usiteleze: "Ich stelle mich vor" ni najitambulisha, lakini "Ich stelle mir vor" ni ninawaza picha kichwani. Sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuzungumza wa A1 ni kujitambulisha: jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi, unachopenda. Ukianza na mir, msahihishaji atasubiri uendelee kuota.

Vipo vinavyodanganya. Ninajifunza Kijerumani ina -ji- inayong'aa, na Mjerumani anasema tu "Ich lerne Deutsch", bila mich. Kujibu na kujaribu zina ji ambayo ni sehemu ya mzizi, usizitafutie sich. Upande mwingine, kukumbuka, kufurahi, kuharakisha na kuketi hazina -ji- kwetu, lakini kwao zinataka sich: sich erinnern, sich freuen, sich beeilen, sich setzen. Hizi hazina dawa ila kuzikariri moja moja, na njia ya kuzikariri ni kuzitumia kwa heshima zinapofaa. Mzee akifika, "Setzen Sie sich", karibu kiti. Mtoto, "Setz dich", keti. Watoto wengi, "Setzt euch", ketini. Ile -ni yetu ya wingi imepata ndugu.

Baada ya hapo unganisha vyote viwili, saa na sich, uone kitenzi kinavyoshikilia nafasi yake ya pili hata ukianza na wakati. "Um halb sieben wasche ich mich." "Nachts ruhen sich die Fischer nicht aus." "Am Samstag treffen wir uns in Bondo." Wakati ukitangulia, mtendaji anarudi nyuma ya kitenzi, wala kitenzi hakisogei. Wakati hutajwa kabla ya mahali: morgen nach Kisumu, kesho halafu Kisumu. Tunga sentensi za siku yako mwenyewe, toka kuamka hadi matatu ya mwisho ya Bondo, na usihamie siku ya mtu mwingine mpaka yako imeisha.

Kuhusu muda wa kujifunza, Goethe-Institut inakadiria kati ya vipindi 80 na 200 vya dakika 45 ili kufikia A1, na kufaulu mtihani kunahitaji alama 60 kati ya 100. Anayekuahidi njia fupi zaidi muulize kama naye alipita humo, na kama anaweza kukuambia saa ilivyo sasa kwa Kijerumani.

Mwisho ni usaili kwa simu au kompyuta, ambako hesabu zote hizi zinakutana siku moja. Ujerumani inasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kenya haigusi kitu. Kiangazi chao tunawatangulia kwa saa moja, majira yao ya baridi kwa saa mbili. Wakikuandikia "10.30 Uhr" mwezi Julai, hapa ni 11:30, saa tano na nusu. Wakikuandikia hivyo mwezi Januari, ni 12:30, saa sita na nusu. Andika zote tatu kwenye karatasi moja: saa yao, saa ya simu yako, saa ya Kiswahili atakayokuuliza mama nyumbani ili anyamazishe redio. Na barua yao isipotaja ni saa ya nchi gani, wajibu siku hiyohiyo kwa sentensi hii, ambayo hata mwanzo wa A1 unaitosha: "Ist das deutsche Zeit oder kenianische Zeit?"